Ashwagandha na wasiwasi: kabla ya kuongeza kapsuli, pima tezi

Swali la msomaji: "Nina miaka 36. Kwa miezi mitano sasa nina wasiwasi usioisha. Kichwa hakitulii, naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa, na mikono inatetemeka kidogo. Nimenunua ashwagandha ya aina mbili: kopo la unga, na chupa ya kapsuli zilizoandikwa miligramu 600. Nimetumia kapsuli siku nne, sijaona kitu. Niongeze? Ninywe na maziwa au maji? Asubuhi au usiku? Mama yangu aliwahi kutibiwa tezi ya shingo, sijui kama hilo lina uhusiano wowote."

Dada, usiongeze. Acha kapsuli kwa sasa, ukapime damu, na majibu yakitoka ndipo kopo na chupa yako vitakuwa na maana. Ya maziwa na maji, asubuhi na usiku, nitayajibu yote, lakini jambo kubwa kuliko yote umeliweka katika sentensi ya mwisho, kama kitu cha pembeni.

Moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, mikono kutetemeka, usingizi kukatika, kichwa kutotulia: hizo ni dalili za wasiwasi, na ni hizo hizo za tezi ya thairoidi inayotoa homoni kupita kiasi. Tezi hiyo iko mbele ya shingo, na homoni zake, T3 na T4, ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani. Zikizidi, mwili mzima unakimbia, na mwenye mwili huo anahisi hofu asiyojua imetoka wapi. Jiulize: umepungua uzito ilhali unakula kama kawaida? Unasikia joto pale wenzako wanapojifunika? Unakwenda choo mara nyingi kuliko zamani, au hedhi imekuwa haba? Magonjwa ya tezi hii hufuata ukoo na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. La mama yako lina uhusiano, tena mkubwa.

Sasa, ashwagandha yenyewe, mmea wa tiba ya jadi ya India, huelekea kupandisha homoni hizo. Kwa mtu ambaye tezi yake imezubaa kidogo hilo linaweza kuonekana faida. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio la watu 50 wa aina hiyo, na miligramu 600 kwa siku kwa wiki 8 zilisogeza vipimo vyao kuelekea kiwango cha kawaida. Kwa mwenye tezi iliyochachamaa, hiyo hiyo ni kuni juu ya moto. Zimo ripoti za kitabibu za watu waliopata ziada ya homoni za thairoidi wakitumia mmea huu, wakatulia walipouacha. Mtu wa namna hii humeza ashwagandha ili atulie, moyo ukazidi kumwenda mbio, naye akadhani kipimo ni kidogo.

Omba kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi, na cha T4 huru, yaani T4 isiyoshikamana na protini za damu. TSH iliyoshuka sana huku T4 imepanda ni dalili kwamba tezi inazidisha kazi, na hapo safari ni ya kwa daktari, mitishamba inawekwa kando. Omba pia wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu nao huufanya moyo udunde kasi, na vipimo vya ini. Hivyo vya ini nitavirudia. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: kama unatumia vidonge vya kukuza nywele na kucha, angalia kama vina biotini. Biotini kwa wingi huvuruga baadhi ya mashine za maabara, TSH ikasomeka chini na T4 juu, ukaonekana mgonjwa wa tezi wakati huna shida. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu.

Tuseme majibu yametoka salama. Hapo tunaweza kuzungumza kuhusu mmea.

Ashwagandha, Withania somnifera kwa jina la kisayansi, ni kichaka cha jamii moja na nyanya, biringanya na tumbaku. Matunda yake madogo mekundu yamefunikwa na ganda jembamba kama karatasi, lakini kinachotumika katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwa ajili ya mwili na akili ni mzizi. Jina lake ni la Kisanskriti: ashva ni farasi, gandha ni harufu, na mzizi ukichimbwa unanuka kweli kama farasi. Ayurveda inauweka katika kundi la rasayana, yaani tiba za kuujenga upya mwili uliochoka, na tiba za kundi hilo hutumika polepole, kwa wiki na miezi. Ndiyo maana siku zako nne hazikuonyesha kitu. Hii si dawa ya kumeza siku mambo yamekuchemkia ukatarajia jioni uwe mtulivu.

Majaribio ya kisasa yanakubaliana na kasi hiyo ya polepole. Linalotajwa sana ni la mwaka 2012, lililofanyika India kwa watu 64 wenye msongo wa muda mrefu. Nusu walipewa dondoo la mzizi, yaani kilichokamuliwa kutoka humo, miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 60. Nusu walipewa kapsuli tupu, zisizo na dawa. Kotisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo huimwaga mtu anapobanwa na mambo, ilishuka kwa karibu asilimia 28 kwa waliotumia mzizi na karibu asilimia 8 kwa wenzao. Alama za msongo, kwa jinsi watu walivyojisikia wenyewe, zilishuka asilimia 44 dhidi ya 5.5. Mwaka 2019 majaribio mengine mawili, kila moja la watu 60, yalionyesha nafuu ya mwelekeo huo huo kwa vipimo tofauti.

Takwimu hizo zinavutia, ila zisome kwa utulivu. Majaribio ni madogo, ni mafupi, na kadhaa yalitumia bidhaa za kampuni zenye maslahi katika matokeo. Halafu tazama ile 5.5: katika utafiti wa wasiwasi, watu wanaopewa kapsuli tupu kwa kawaida hupata nafuu kubwa kuliko hiyo, kwa sababu tu ya kuangaliwa na kutumaini. Kundi la kulinganisha likibaki pale pale namna hiyo, pengo linaonekana pana kuliko litakavyokuwa kwako. Mwaka 2022 jopo la kimataifa la wataalamu wa magonjwa ya akili liliupendekeza mzizi huu kwa wasiwasi wa kudumu, miligramu 300 hadi 600 za dondoo kwa siku, lakini likautaja kuwa pendekezo la muda. Nami nasimama hapo hapo. Unasaidia watu wengi kwa kiasi cha wastani, na haufiki mahali pa matibabu ya ugonjwa wa wasiwasi uliokomaa.

Turudi kwa kopo na chupa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Unga ni mzizi mzima uliosagwa. Dondoo ni kile kilichokamuliwa kutoka kwenye mzizi kwa maji au alkoholi kisha kikakaushwa, kwa hiyo ni kikali zaidi. Vyote viwili huweza kujazwa kwenye kapsuli na kuandikwa miligramu 600. Kemikali zinazohesabiwa huitwa withanolaidi. Miligramu 600 za dondoo lenye asilimia 5 zina withanolaidi miligramu 30. Miligramu 600 za mzizi uliosagwa tu, ambao kwa kawaida hauna hata asilimia 1, hazifikishi miligramu 6. Na yapo madondoo ya asilimia 35 ambayo miligramu 240 tu zinabeba withanolaidi miligramu 84. Chupa tatu zinazofanana kwa nje, na yaliyomo yanatofautiana zaidi ya mara kumi.

Kwa hiyo chukua chupa yako uigeuze. Tafuta kwanza kama imeandikwa dondoo au unga. Pili, asilimia ya withanolaidi. Kama haikutajwa kabisa, ichukulie kuwa ni unga. Tatu, hiyo 600 ni ya kapsuli moja au ya kapsuli mbili? Lebo nyingi huandika jumla ya siku nzima kwa herufi kubwa na kuficha "kapsuli 2" kwa herufi ndogo. Nne, na hili usilikwepe: ni mzizi peke yake, au mzizi na majani? Majani ni rahisi kuvuna na yana withaferini A nyingi zaidi, kemikali ambayo katika maabara huua seli. Wizara ya AYUSH ya India, inayosimamia tiba za jadi, iliwaelekeza watengenezaji mwaka 2021 waache kutumia majani. Lebo isiyosema ni sehemu gani ya mmea haistahili kuingia tumboni mwako.

Suala la uchafu wa metali nalo si la kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Bidhaa hizo hazikuwa ashwagandha pekee, lakini unga usio na namba ya toleo wala cheti cha maabara unakuweka katika bahati nasibu hiyo hiyo. Mtengenezaji makini hutoa cheti cha toleo husika ukikiomba.

Kipimo sasa. Chagua kimoja, unga au kapsuli, usichanganye.

Kama chupa yako ni dondoo la mzizi la asilimia 5, anza na miligramu 300 kwa siku, baada ya chakula cha jioni, kwa wiki nzima. Kapsuli zako zikiwa za 600 moja moja, tafuta za 300 badala ya kukisia. Wiki ya pili, tumbo likiwa shwari na mchana huna usingizi wa ajabu, ongeza 300 nyingine baada ya kifungua kinywa. Hapo ndipo mwisho, kwa sababu 600 kwa siku ndicho kiasi kilichofanyiwa kazi zaidi. Dondoo la asilimia kubwa zaidi lina hesabu yake, usilinganishe miligramu kwa miligramu.

Asubuhi au usiku? Kwa kuwa tatizo lako kubwa ni kuamka saa tisa, jioni ndiyo dozi ya msingi. Somnifera katika jina la kisayansi maana yake ni "iletayo usingizi", na wengi hulegea kidogo. Wapo wachache ambao badala ya kulegea wanachangamka na kukesha. Ukiwa mmoja wao, hamishia dozi asubuhi. Usiendeshe gari wala mashine siku za mwanzo mpaka ujue mwili wako umeipokeaje.

Kama utachagua unga, kitabu rasmi cha dawa za Ayurveda cha India kinataja gramu 3 hadi 6 kwa siku. Anza na gramu 1 kwa siku tatu, kisha gramu 3, na ubaki hapo. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kijiko cha mmoja ni kilima na cha mwingine ni bapa.

Maziwa yana sababu yake. Withanolaidi huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta na alkoholi kuliko katika maji matupu, na waliotangulia walilijua hilo kwa mazoea ingawa hawakuwa na jina la kemikali. Njia yao huitwa ksheerapaka: sehemu 1 ya dawa, 8 za maziwa, 32 za maji, ichemke mpaka maji yote yaishe yabaki maziwa. Kwa gramu 3 hiyo ni mililita 24 za maziwa na 96 za maji, kiasi ambacho kwenye sufuria ya kawaida kitaungua kabla hujakaa sawa. Tumia maziwa yasiyotolewa mafuta mililita 150 na maji mililita 150. Koroga unga kwanza na vijiko viwili vya maji ya baridi uwe uji mzito. Ukiumwaga mkavu kwenye maziwa ya moto hufanya madonge yaliyolowa nje na makavu ndani, na hayo hayayeyuki tena. Changanya vyote, weka moto mdogo, na kila baada ya dakika moja au mbili kwangua kitako cha sufuria, maana unga huzama na kugandia chini. Mwanzoni utaona povu la rangi ya udongo na harufu ya zizi, kisha povu linatulia na rangi inakuwa ya krimu. Vikibaki kama nusu ya ulivyoanza, epua. Kunywa na mashapo yake, usichuje, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa bado imo humo. Ukitaka asali, subiri yapoe yawe vuguvugu, kwa kuwa Ayurveda inakataza kuipasha asali moto.

Maziwa yasipokupatana, maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha samli, baada ya kula, yanatosha.

Mambo yanayoharibika mara nyingi ni haya. Tumbo kuchafuka na kuharisha, kwa kawaida kwa sababu mtu alimeza kwenye tumbo tupu au alianza na kipimo kikubwa. Kusinzia mchana, ambako dawa yake ni kuondoa dozi ya asubuhi. Kutumia bila kujua chupa mbili zenye kitu kimoja: mchanganyiko wa "usingizi mzuri" mara nyingi tayari una ashwagandha ndani. Baadhi ya watumiaji husema pia wanakuwa kama wamekauka kihisia, wasiwasi umepungua lakini na furaha imepungua. Likikutokea, acha, si lazima uvumilie.

Kosa la kimyakimya kuliko yote ni kutopima maendeleo. Wiki nane ni ndefu, na mtu akiulizwa "umepata nafuu?" hujibu kwa hali ya siku ile. Tumia GAD-7, dodoso la maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla ya juu 21. Alama 5 hadi 9 ni wasiwasi mdogo, 10 hadi 14 wa kati, 15 na kuendelea mkali. Lijaze kabla hujaanza, kisha kila baada ya wiki mbili, na uandike tarehe. Kushuka kwa alama 4 au zaidi ni nafuu ya kweli. Kupanda na kushuka kwa moja au mbili ni upepo tu. Wiki ya nane ikifika bila kushuka hivyo, mmea huu haukufai, uache. Ukianza na alama 15 au zaidi, usisubiri wiki nane za kitu chochote cha dukani. Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili. Na fikra za kujidhuru zikikujia, nenda siku hiyo hiyo.

Ukipata nafuu, usigeuze kuwa ya maisha. Usalama wake umechunguzwa kwa takriban miezi mitatu tu, hivyo ukifika hapo pumzika, uangalie alama zako bila dawa.

Nilisema nitarudia ini. Mwaka 2020 ziliripotiwa kesi tano kutoka Iceland na Marekani za watu walioumia ini wakitumia ashwagandha, dalili zikianza kati ya wiki ya 2 na ya 12. Ni nadra, lakini hakuna anayeweza kukuambia mapema nani litampata. Ngozi kuwasha mwili mzima bila upele, macho kuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, choo kilichopauka, uchovu na kichefuchefu: ukiona mojawapo, acha siku hiyo, pima ini, na usijaribu tena hata likipona. Denmark iliupiga marufuku mmea huu mwaka 2023. Mimi sifiki huko, ila nakushauri upime ini kabla ya kuanza na tena karibu na wiki ya sita.

Usiiguse kabisa ukiwa mjamzito, ukitafuta mimba au ukinyonyesha. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa ini, anayetumia dawa za thairoidi, mwenye ugonjwa ambao kinga ya mwili inajishambulia yenyewe, aliyepandikizwa kiungo, na mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, kwani mmea huu unaweza kupandisha testosteroni. Anayetumia dawa za kisukari au presha anaweza kushukwa na sukari au presha kupita kiasi. Dawa za usingizi, za kutuliza na za kifafa huongezewa ulevi wake, na pombe ni hivyo hivyo. Kwa anayetumia dawa za sonona, asiziache ili ajaribu mzizi. Amuulize kwanza aliyemwandikia. Kabla ya upasuaji, acha wiki mbili mapema.

Wakati unasubiri majibu, lipo la kufanya kuhusu saa tisa usiku. Kahawa na chai nzito ziishie asubuhi. Ukiamka na usingizi usirudi kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu ufanye kitu cha kuchosha, urudi usingizi ukija, usiangalie saa. Na amka muda ule ule kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Ukienda kupima, beba kopo na chupa zenyewe mkononi, usitegemee kukumbuka majina. Mwambie daktari ulitumia siku ngapi na uliacha lini, na mtaje mama kwa ugonjwa wake na dawa aliyopewa, kama anaikumbuka.